Njia Panda ya Tinde

Saa kumi na moja alfajiri Tinde imeshaamka. Barabara itokayo Nzega ikifika hapa hugawanyika: mkono mmoja unashika Shinyanga mjini na Mwanza, wa pili unashika Isaka na Kahama hadi mipaka ya Rwanda na Burundi. Malori ya makontena yalikuwa yamejipanga pembeni, na utingo mmoja alikuwa akiyazunguka na nyundo mkononi, anagonga tairi, anasikiliza mlio, anasogea kwenye lingine. Mama wauza chai walishawasha mkaa. Juu ya meza zao palikuwa na karanga, mihogo ya kuchemsha na matobolwa. Mimi nilikuwa na begi dogo, daftari na nauli ya kunifikisha Mbeya.

Nimefundisha shule za msingi za upande huu kwa miaka mingi, kwa hiyo sipiti stendi ile bila kuitwa. Safari hii aliyeniita alikuwa amekaa juu ya kiroba, viatu vyake vimeshika vumbi jeupe la mawe.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Habari za Mwakitolyo?"

"Tumerudi, mwalimu. Duara limekataa."

Nilimfundisha kuanzia darasa la tatu hadi la tano. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Alipomaliza shule alikwenda machimboni kama wengi wa rika lake: Mwakitolyo kwanza, kisha Nyarugusu kule Geita, kisha Mwakitolyo tena. Asiyeijua kazi hiyo hudhani ni kuokota dhahabu. Unashuka duarani kwa kamba, unapandisha mawe kwenye viroba, unasubiri zamu ya karasha, unaosha, unashika zebaki kwa mikono mitupu, halafu mnagawana. Mwenye eneo achukue fungu lake, mwenye duara lake, aliyewalisha wakati mnachimba lake, na kinachobaki mgawane ninyi mlioshuka chini. Mwaka ule hakikubaki kitu.

Akanipa simu yake nisome. Ujumbe ulikuwa wa Kiswahili cha kuungaunga: kazi za ujenzi na ulinzi nchini Urusi, uzoefu si lazima, nauli na viza vinalipwa na mwajiri, tuma picha ya pasipoti. Chini palikuwa na mshahara. Alikuwa ameshaupigia hesabu kwa namna tunavyopiga hesabu Usukumani.

"Ni ng'ombe watano kila mwezi, mwalimu. Hii ni ya kweli?"

Basi lilikuwa linapiga honi. Nilimwambia, "Nipe siku nne. Usimtumie mtu yeyote pasipoti yako mpaka nikupigie." Akacheka kidogo, akasema pasipoti yenyewe bado hajapata, yuko kwenye kuitafuta. Nikapanda. Nilimwomba siku nne kwa sababu jibu lake ndilo nililokuwa nalifuata Mbeya, na sikutaka kumpa nusu yake dirishani.

Kuna jina moja, ndilo lililokuwa linanipeleka Mbeya, nimekuwa nalo kichwani tangu Januari 2023. Siku ile tulikuwa ofisi ya walimu tunasahihisha madaftari, redio iko juu ya kabati. Ilikuwa tarehe 24. Waziri wa Mambo ya Nje, Dkt. Stergomena Tax, alikuwa anathibitisha kifo cha Mtanzania Nemes Tarimo. Alikwenda Urusi mwaka 2020 kusomea shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha MIREA, Moscow. Machi 2022 alihukumiwa kifungo cha miaka saba kwa makosa ya jinai. Akiwa gerezani alipewa nafasi ya kujiunga na kundi la kijeshi la Wagner, kwa malipo na kwa ahadi ya kuachiwa huru baadaye. Akakubali. Akapelekwa Ukraine, na huko akauawa tarehe 24 Oktoba 2022.

Sisi sote pale ofisini tuliacha kalamu. Mwenzangu mmoja akauliza, "Miezi mitatu iliyopita?" Tukahesabu kwa vidole, ilikuwa miezi mitatu kamili. Kisha kengele ikalia, tukaingia madarasani.

Wengi walioizungumza habari hiyo wiki ile walishikilia gereza. Aliiba? Aliuza nini? Ametuaibisha? Mimi nilishikwa na neno "akakubali", na mpaka leo sijaliachia. Mtu amefungwa miaka saba katika nchi ya baridi, mbali na kila anayemfahamu, kesi imeendeshwa kwa lugha aliyojifunza ukubwani. Anakuja mtu mwenye karatasi. Upande huu miaka saba, upande huu bunduki na mlango wazi. Katika mahakama zetu za vijijini, mtu akilazimishwa kuuza shamba huku ameshikiwa panga, mzee wa baraza hataita hayo mauzo. Kule Urusi waliyaita hiari.

Nzega tulisimama kwa muda mfupi, abiria wakashuka wengine wakapanda. Kabla ya adhuhuri tulikuwa Tabora, kwenye maembe na vumbi lake jekundu. Nililala hapo, maana basi la Mbeya huondoka alfajiri, na jioni nzima nikatembea.

Huwezi kutembea Tabora ukiwaza habari za vijana wanaopigana vita vya wengine bila mji wenyewe kukujibu. Mwaka 1916 hapa ndipo Wajerumani walipokuwa wamejikita upande wa magharibi ya koloni lao. Waingereza walishuka kutoka Mwanza, wakipitia Shinyanga, yaani nchi yetu. Wabelgiji walikuja kutoka magharibi na kaskazini-magharibi, na ndio waliotangulia kuingia Tabora, tarehe 19 Septemba 1916. Lakini ukisema Wabelgiji usidhani ni watu weupe waliotembea kutoka Ulaya. Maofisa walikuwa weupe. Waliobeba bunduki walikuwa vijana wa Kongo, na waliowapinga upande wa Mjerumani walikuwa askari weusi vilevile, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma. Mkongo akavuka maporomoko na misitu kuja kumuua Mnyamwezi karibu na reli ya Mjerumani, kwa ugomvi ulioanzia Ulaya. Nyuma yao walikuwa wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake waliandikishwa mamia ya maelfu, na waliokufa ni zaidi ya 95,000 kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Dar es Salaam jina la Kariakoo limebaki kutokana na kikosi chao. Watu hununua nyanya pale kila siku.

Vitabu vya vita hiyo vina habari moja ya Mwanza ambayo kila Msukuma angepaswa kuijua. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wa zamani malimbikizo ya mishahara yao, takriban miaka 46 baada ya vita kwisha. Inasimuliwa kwamba ofisa wa benki alikuja Mwanza na wazee wapatao 350 wakajitokeza, lakini wenye vyeti walikuwa wachache mno. Yule ofisa hakujua amwamini nani. Akachukua ufagio, akawa anampa mzee mmoja mmoja na kumtolea amri za gwaride kwa Kijerumani, kama vile ufagio ni bunduki. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyekosea.

Wasimuliaji hupenda kuusifu utii wa wale wazee. Mimi huwaza miguu yao. Mzee wa miaka sabini anabana visigino, ufagio begani, mbele ya mgeni, ili athibitishe kwamba aliwahi kuwa kijana wa mtu mwingine. Angefia njiani kurudi kwao, nani angemlipa mjane?

Nyumbani kwetu, kilomita chache kutoka njia panda, kuna kopo la majani ya chai ambalo bibi alilifunga kwa mpira wa baiskeli. Ndani yake kulikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne, imekuwa laini kama kitambaa, mikunjo imetoboka. Kaka yake babu alichukuliwa Keya wakati wa vita vya pili. Keya ndivyo tulivyoliita jeshi la Mwingereza, na kwetu Keya na Bama, yaani Burma, ni maneno yasiyoachana: kila aliyeondoka alikwenda Bama, kila asiyerudi alifia Bama. Watanganyika zaidi ya 80,000 waliandikishwa katika vita hivyo, kwa hiyo kopo letu haliko peke yake. Karatasi ililetwa na tarishi wa chifu. Ilikuwa ya Kiingereza. Matanga yakawekwa bila mwili, na kwa miaka mingi watoto tuliambiwa babu mkubwa alipigana na Mjapani msituni, akafa na bunduki mkononi.

Mimi ndiye wa kwanza katika ukoo kuweza kuisoma. Nilikuwa kidato cha pili. Bibi alinikalisha kwenye kigoda, akalifungua kopo taratibu, akasema, "Haya, ng'wanawane, soma." Nikasoma. Haikuandikwa Bama. Iliandikwa kwamba amepotea baharini, Februari 1944. Bibi akaniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Sasa Bama hakufika?"

Hakufika. Baadaye, nilipokuwa chuoni, nilijisomea habari ya meli Khedive Ismail, iliyoondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 kuelekea Colombo. Ilibeba karibu askari elfu moja wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, na wauguzi wanawake pia. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga, ikazama ndani ya dakika chache. Waliokufa walikaribia 1,300. Wengi walikuwa vijana waliozaliwa mbali na bahari. Karatasi ilikuwa imesema ukweli tangu siku ya kwanza, ila ilikaa kwenye kopo miaka yote hiyo kwa sababu ililetwa kwa watu wasioweza kuisoma, na aliyeileta hakuona sababu ya kuwasomea.

Ndiyo maana nikisikia kijana wetu ametia sahihi mkataba wa Kirusi, tumbo hunikata.

Asubuhi ya pili nilipanda basi la Mbeya. Njia hii ya Sikonge, Ipole na Rungwa wengi wanaikwepa, wanapita Singida na Dodoma kwa kuhofia pori. Mimi naipenda. Ukishapita mashamba ya tumbaku ya Sikonge, miombo inakufunika pande zote mbili na unakwenda saa nzima bila kuona paa. Mizinga ya nyuki imening'inia kwenye matawi. Mara kwa mara basi linapunguza mwendo, anatokea kijana na galoni za asali, bei zinapigwa haraka kupitia dirishani, tunaondoka.

Kiti cha pembeni yangu alikaa mzee mrefu, amevaa koti la suti lililofifia mabegani, amenyooka kama aliyefungwa ubao mgongoni. Nilimwamkia, tukaulizana twendako. Yeye alikuwa anarudi Chunya kutoka kumzika shemeji yake Tabora. Nilipomwambia niendako na sababu yake, alinyamaza mpaka tukapita Ipole. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa Kagera."

Majeshi ya Iddi Amin yalipovuka na kuikalia ardhi ya kaskazini ya mto Kagera mwaka 1978, yeye alikuwa na miaka ishirini na moja, mgambo. Aliingia Uganda kwa miguu. Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili 1979, alikuwa njiani na malaria. Anawakumbuka wenzake waliozikwa Kaboya, kule Muleba, ambako makaburi ya askari wetu wa vita ile yamepangwa kwa safu. Hakunisimulia mapigano hata kidogo. Alinisimulia kiapo.

"Tuliapishwa kwa Kiswahili, mwalimu. Kila neno nililielewa. Nikifa, najua nilikufa kwa neno lipi. Na aliyeniapisha angemjua mama yangu kwa jina la kijiji." Akanyoosha kidole dirishani kama kwamba kijiji kiko pale porini. "Huyo mtoto wenu aliapa kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimweleza ninachofahamu. Kwamba kuanzia katikati ya mwaka 2022 Yevgeny Prigozhin, mwenye Wagner, alikuwa akizunguka magereza ya Urusi kukusanya wafungwa: pigana miezi sita, ukipona uko huru. Kwamba mwenyewe alikuja kusema, Mei 2023, kuwa aliwachukua wafungwa 50,000 na kwamba katika mapigano ya Bakhmut amepoteza wapiganaji wapatao 20,000, nusu yao wakiwa wafungwa hao. Kwamba hiyo ni hesabu ya mwenye mali, kwa kinywa chake.

"Mmoja kwa watano," mzee akasema. Alikuwa ameshapiga hesabu kabla yangu. "Sisi kamanda akipoteza watu hivyo anajibu."

Nikamsimulia pia habari ya Mzambia, kwa sababu huwezi kuisema ya Tarimo ukaiacha hiyo. Lemekhani Nyirenda alikuwa na miaka 23, amepelekwa na serikali yake kusomea uhandisi wa nyuklia Moscow. Aprili 2020 alifungwa miaka tisa na nusu kwa kosa la dawa za kulevya. Familia yake ilieleza kwamba alikuwa akifanya kibarua cha kupeleka vifurushi, na kimoja kilikutwa na dawa ambazo yeye hakuzijua. Tarehe 23 Agosti 2022 akapewa msamaha maalumu, kwa sharti la kwenda vitani. Tarehe 22 Septemba akawa ameuawa. Uhuru wake ulidumu siku 30, na zote alikuwa chini ya amri ya wengine. Nchi yake ilipata habari Novemba. Wazambia waliupokea mwili wake Lusaka tarehe 11 Desemba.

Mzee akavua kofia yake, akaiweka magotini. Hakuivaa tena mpaka Rungwa.

Nilipoandika maneno yake kwenye daftari, basi likirusharusha mwandiko, nilijiuliza ni haki kiasi gani kumweka Tarimo safu moja na askari wa Kagera, au hata na babu yangu mkubwa. Mzee aliwatenganisha mara moja: huyu aliitwa na nchi, huyu alinunuliwa. Sheria pia inatenganisha. Waziri alikumbusha siku ile kwamba sheria za Tanzania haziruhusu raia kujiunga na jeshi la nchi nyingine. Nakubaliana nayo. Lakini sikubali tuishie hapo, kwa sababu babu mkubwa naye hakuitwa na nchi. Aliitwa na chifu aliyepewa idadi ya vichwa vya kupeleka, na leo hakuna anayemwita mamluki. Aliyekosewa zaidi katika biashara hii ni kijana. Mwenye kujibu ni yule aliyekwenda gerezani na karatasi akijua kwamba mfungwa mgeni, asiye na balozi mlangoni wala mama wa kumlilia getini, akifa hakuna atakayepiga kelele katika lugha wanayoisikia.

Na biashara haikufa na Prigozhin, ambaye ndege yake ilianguka tarehe 23 Agosti 2023, mwaka mmoja kamili tangu siku Nyirenda aliposamehewa. Imetoka gerezani, imeingia kwenye simu. Septemba 2025 polisi wa Kenya waliwatoa vijana zaidi ya 20 katika nyumba moja Athi River, waliokuwa wanasubiri kusafirishwa kwenda Urusi. Wengine walishatangulia. Yupo mwanariadha wa Kenya, Evans Kibet, aliyekamatwa na Waukraine uwanja wa vita mwaka huo huo. Alieleza kwamba alikwenda Urusi kwa mambo ya riadha, na karatasi aliyotia sahihi ilikuwa ya Kirusi. Ile ile karatasi ya kwenye kopo.

Tuliingia eneo la Lupa jua likiwa limeshuka. Ukitoka Geita huhitaji kuambiwa kwamba hapa pia ni nchi ya dhahabu: Makongolosi ina karasha zake, vibanda vyake vya turubai, vijana wenye vumbi lile lile jeupe kwenye viatu. Mzee wa Kagera alishuka Chunya. Alinishika mkono kwa mikono miwili. "Mwambie kijana wako asiende," akasema. "Mwambie amesema mtu aliyekwenda." Kisha barabara ikaanza kuupanda mlima, baridi ikaingia kwa kila ufa wa dirisha, na taa za Mbeya zikaonekana chini yetu zote kwa pamoja.

Mwenyeji wangu Mbeya ni mwalimu, tulisoma chuo kimoja. Mkewe alituwekea ndizi na maziwa ya mgando. Nilipomweleza kwamba nimekuja kutafuta kaburi la Tarimo, kwa kuwa alizikwa katika mkoa huu, hakunijibu haraka. Aliosha mikono, akafuta, akasema, "Una undugu nao?"

"Sina."

"Unawapelekea nini?"

Nilitazama daftari langu. Nilikuwa na maswali tu.

"Basi usiende," akasema. "Wale watu walikaa miezi mitatu wanasubiri mwili. Wamekuja waandishi, wamekuja na kamera. Kaburi la mtoto wa watu si mahali pa kufika na kalamu."

Nilisafiri siku mbili na nikaambiwa nisimalize, na alikuwa sahihi. Usiku ule nilikaa macho nikimfikiria bibi na kopo lake. Kama angekuja mtu asiyemjua kumwomba alifungue, angemfukuza kwa mchi.

Asubuhi nilikwenda kusimama kando ya barabara kuu ya Zambia. Malori yalikuwa yanapita kwenda Tunduma, mengine yana namba za Zambia, na nikawaza kwamba ukiifuata lami hii bila kukata kona utafika Lusaka, walikompokea mtoto wao siku 80 baada ya kufa kwake. Sisi tulichukua siku 95. Nilizihesabu hapo hapo, nimeegemea nguzo ya umeme, kwa sababu nilitaka niwe na uhakika kabla ya kupiga simu.

Kijana alipokea mara ya pili. Nyuma yake nilisikia honi na mtu anayetangaza Kahama, Kahama. Alikuwa njia panda pale pale.

"Mwalimu, umerudi?"

"Bado. Nina jibu lako. Una kalamu?"

Akacheka, akidhani namtania. Nikamwambia sitanii, ni imla, kama ya darasa la tano, atafute karatasi. Nikamsikia anaiomba kwa mama wa chai. Akarudi, akasema yuko tayari. Nikamsomea polepole, kila sentensi mara mbili, nukta kwa nukta, na nikawa nasikia anarudia kwa sauti ya chini huku anaandika. Nemes Tarimo alikwenda Urusi mwaka 2020 kusoma. Machi 2022 alifungwa miaka saba. Gerezani alipewa karatasi, akakubali kwenda vitani. Aliuawa Ukraine tarehe 24 Oktoba 2022. Mwili wake ulifika Dar es Salaam tarehe 27 Januari 2023.